Ngamia Aliyezama Katika Fulana Nyeusi

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, iko moja ambayo nikiikumbuka chai hupoa mkononi kabla sijainywa. Siku hiyo nilisimama mbele ya watu nikasema kweli, kweli tupu, bila kuongeza wala kupunguza, na mpaka leo ninaijutia. Najua mmefundishwa kwamba msema kweli hana cha kujutia. Nami nilifundishwa hivyo. Basi keti, tusikimbizane. Mvi zangu hizi hina inazificha kwa juma moja tu kisha zinachomoza tena, na mwenye mvi haharakishwi.

Watu wa Garissa wananijua, Shamsa wa fulana. Ukiuliza sokoni ni wapi panapochapishwa fulana za shule, za harusi, za timu za mpira na za wagombea wa kura, watakuelekeza kwangu. Lakini vijana wengi hawajui kwamba duka lile halikuanzishwa na mimi. Lilikuwa la kaka yangu Nuur.

Nuur alikwenda Nairobi akiwa kijana mdogo, akapata kazi Eastleigh kwa fundi wa kuchapisha, akakaa huko miaka kadhaa. Siku aliyorudi alishuka kwenye basi akiwa na fremu za mbao zimefungwa kamba juu ya paa pamoja na magodoro ya watu. Hooyo, mama yetu, alikuwa akiuza maziwa ya ngamia. Alitupa chumba cha mabati kilichokuwa ubavuni mwa nyumba, ambamo zamani alikuwa akifukiza vibuyu vyake. Humo ndimo tulimoanza, yeye akiwa fundi na mimi mwanafunzi wake.

Sitakuchosha na habari za kazi, ila lazima ujue kidogo ili unielewe. Fremu ya mbao huvikwa kitambaa chembamba chenye matundu, mithili ya chandarua. Kitambaa hicho hupakwa dawa inayogandishwa na mwanga, unalaza mchoro juu yake, kisha unaitoa fremu juani. Wenzetu wa mijini wana taa za kazi hiyo. Sisi tulikuwa na jua la Garissa, nalo ukiikawiza fremu kidogo tu limekwisha kukuharibia. Baada ya hapo unaosha. Pale palipofunikwa na mchoro dawa inaondoka na wino hupita; palipobaki dawa, haupiti. Kila rangi ina fremu yake. Picha yenye rangi nyingi unaigawa, bluu kwake, manjano kwake, nyekundu kwake, kisha unazipanga moja juu ya nyingine bila kupishana hata upana wa uzi.

Hayo ni kwa fulana nyeupe. Fulana nyeusi, au ya rangi yoyote iliyokoza, ni mtihani mwingine. Nguo nyeusi humeza rangi. Ukiweka wino wa kijani moja kwa moja juu yake, ukiwa mbichi utang'aa na utajisifu, lakini ukikauka hutauona. Kwa hiyo kwanza unachapisha picha yote kwa wino mweupe, unaukausha kwa moto mpaka usishike kidole, ndipo unapanga rangi zako juu yake. Nuur aliuita ule weupe wa chini godoro, kwa sababu rangi nyingine zote hulala juu yake. "Shamsa," alikuwa akiniambia, "anayelala chini bila godoro ataamka mgongo unauma." Alikuwa mcheshi, kaka yangu. Siku hizo alikuwa mcheshi sana.

Nami nilikuwa na jicho. Nasema hivyo bila kujisifu, maana jicho ni la Mungu. Fremu ikisogea kidogo niliona kabla yake. Rangi ikikosa kitu nilijua ni kitu gani. Nuur hakunionea wivu; alikuwa akiwaambia wateja, "Msinilipe sifa mimi, mlipeni huyu." Tena alinifungulia moyo wake. Siku moja tukisafisha fremu, mikono yote imejaa wino, aliniambia jambo ambalo hakumwambia hata hooyo. Aliniambia kwamba hakuondoka Eastleigh kwa hiari. Alikuwa ameharibu mzigo wa mteja kwa sababu ya pupa, na yule fundi akamfukuza mbele ya wafanyakazi wenzake. Alisema, "Ndiyo maana nikarudi. Huku hakuna anayejua." Nikamwambia limeingia kisimani. Kwetu mtu akisema hivyo, ni ahadi.

Basi ikawa kuna koo mbili za wafugaji waliokuwa wakigombania kisima, huko upande wa Dadaab njia ya kwenda Hagadera. Siwataji, na wewe usiulize. Damu ilikuwa imemwagika. Wazee walikaa miezi, wakaamua, ngamia wa fidia wakatolewa, Kurani ikasomwa. Aliyewapatanisha alikuwa Mzee Dubow, mtu wa ukoo wa tatu, ndugu wa hooyo. Sisi tulimwita Abti, ndiyo kusema mjomba. Abti Dubow alisema wazee kupeana mikono hakutoshi, kwa sababu wanaoshika bunduki si wazee. Alitaka vijana wa pande zote mbili wacheze mpira mbele ya watu, na timu zichanganywe, nusu wa ukoo huu nusu wa ule. Timu moja ingevaa fulana nyeusi na nyingine za bluu iliyokoza, kwa kuwa vumbi la kule halisameheani na nguo nyeupe. Na kifuani mwa kila fulana kuwe na picha moja.

Picha ilichorwa na mwalimu wa shule moja ya Hagadera aliyekuwa na mkono mwepesi. Ngamia wawili wanakunywa kwenye birika moja, nyuma yao mgunga wa kijani na mbingu ya rangi ya machungwa. Ngamia mmoja alikuwa mweupe na mwingine wa kahawia iliyoiva, na hilo halikuwa pambo. Ukoo mmoja ulijulikana kwa ngamia wake weupe, na mwingine kwa wale wa kahawia. Walikuwepo walionung'unika kwamba kuchora viumbe si vizuri. Abti Dubow akawasikiliza, akamwomba mwalimu awainamishe ngamia vichwa mpaka macho yafichike ndani ya birika. Wakanyamaza. Huyo ndiye alikuwa Abti. Hakumwacha mtu aondoke amekasirika ikiwa ilitosha kuinamisha kichwa.

Kazi hiyo alipewa Nuur. Angeweza kuituma Nairobi, lakini alisema, "Nina mpwa wangu hapahapa." Nuur hakulala kwa furaha.

Tulikuwa tumeagiza wino mweupe kutoka Nairobi. Basi mvua ikawanyeshea watu wa milimani na mafuriko yakaja kwetu, kama ilivyo kawaida ya mto Tana. Maji yakakata barabara upande wa Madogo. Mabasi yalisimama ng'ambo, watu wakawa wanavushwa kwa mashua na vifurushi vyao kichwani. Wino wetu ulikuwa ndani ya basi mojawapo, chini ya mizigo ya watu wengine. Nuur alikwenda mpaka ukingoni mwa maji na kurudi, akaenda tena na kurudi. Na siku ya mechi ilikuwa imetangazwa mpaka kambi ya wakimbizi ya Ifo.

Tulifungua kopo la mwisho la wino mweupe, tukaona haulitoshi godoro la picha nzima kwa fulana zote. Nuur alilitikisa kopo lile. Kisha akasema, "Tutaweka godoro chini ya ngamia mweupe, mti, maji na mbingu. Yule wa kahawia hahitaji. Kahawia ni rangi nzito, itajisimamia."

Nikamwambia, "Walaal, ndugu yangu, nguo nyeusi itamla."

"Haitamla."

"Tumwambie Abti asogeze siku. Au tuchape chache, wengine wangoje."

"Asogeze siku?" akasema. "Watu wamechinja, wageni wamealikwa, na mimi niende kumwambia mzee nimeshindwa na kopo la wino? Shika fremu, Shamsa."

Nikaishika. Mkubwa ni mkubwa. Tulichapisha tumeziba dirisha kwa blanketi kwa ajili ya vumbi, taa ikiwa hafifu. Wino wa kahawia ulipokuwa mbichi, ngamia yule alipendeza kweli, aking'aa kama ametoka kuoga. Tulipopitisha moto, nikamwona anadidimia. Nilichukua fulana moja nikatoka nayo nje juani. Ukiigeuzageuza uliona umbo, kama jasho lililokauka. Ukiinyoosha sawa, pale pake palikuwa peusi tupu. Nikamwonyesha kaka yangu. Aliitazama, akaitazama, na nadhani aliona nilichokiona. Lakini alisema tu, "Kule jua ni kali, wataona," akaikunja na kuiweka pamoja na nyingine.

Sikusema tena. Na hapa nisikilize vizuri, mwanangu. Nilinyamaza, lakini si kwa heshima. Moyoni nilikuwa nimeweka neno langu akiba. Nilijisemea, atajionea mwenyewe.

Siku yenyewe Nuur alitangulia alfajiri na mzigo kwenye pikapu. Mimi nilipanda gari la Abti Dubow pamoja na hooyo na mama mwingine. Njia ya Dadaab ni ndefu na ina mashimo, na Abti alikuwa na furaha siku hiyo. Alitusimulia alivyokuwa akichunga akiwa mdogo. Tulipofika mahali akageuka nyuma, akaniuliza, "Haya, Shamsa, kazi imekwendaje?"

Nikasema, "Alhamdulillahi, Abti."

Akasema, "Alhamdulillahi," akageuka mbele.

Uwanja ulikuwa mtupu wa mchanga mwekundu, umezungushiwa watu. Walikuja wa vijijini, walikuja wa kambini na mikokoteni ya punda, wenye chai walikuwa wamewasha majiko. Vijana waliingia katika banda la maturubai kuvaa. Walipotoka, walitoka wameshikana mikono kama walivyoagizwa, mmoja wa huku na mmoja wa kule, na wanawake wakapiga vigelegele. Kisha vigelegele vikakatika. Vilikatika kidogokidogo, kuanzia mbele kwa waliokuwa karibu.

Kifuani mwa kila kijana palikuwa na mti, mbingu na birika la maji ya bluu, na ngamia mmoja mweupe akinywa peke yake. Upande wa pili wa birika hapakuwa na kitu.

Kijana mmoja wa ukoo wa ngamia wa kahawia, mrefu, jina lake Siyad, aliachia mkono wa mwenzake. Alijitazama kifuani, akawatazama wengine. Akasema, si kwa kelele, "Wetu yuko wapi?"

Akawageukia wazee. "Mmetuita hapa mtuonyeshe kwamba kisima ni cha mmoja?"

Nuur alitoka mbio kwenye banda. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Ni wino," akasema. "Wallahi, ndugu zangu, ni wino tu. Umezama."

"Na wino ukamchagua wa kwetu," Siyad akasema, akavua ile fulana na kuiangusha mchangani. Wenzake wakaanza kuvua. Wale wa ukoo wa pili wakasogeleana. Niliwaona wanaume waliokuwa wamekaa wakisimama, mmoja baada ya mwingine, nawe unajua maana ya wanaume kusimama hivyo mahali ambapo damu haijakauka sawasawa. Mtu mmoja nyuma akasema kwamba fundi amehongwa. Mwingine akauliza ni mtoto wa nani. Macho yakaanza kumtafuta hooyo, na kunitafuta mimi.

Ndipo nikasema. Sikuwahi kusema mbele ya wanaume wengi namna ile, na sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. Nilisema, "Mimi nilimwambia. Nilimwambia weupe hautoshi, nikamwambia ngamia atazama, akakataa kusikia. Msitutie lawamani sisi sote. Huyu pupa ndiyo tabia yake, hata Nairobi alifukuzwa kazi kwa kuharibu mizigo ya watu."

Kila neno lilikuwa kweli.

Nuur aliinua uso. Alinitazama tu, kisha akatazama chini. Kuna mama mmoja aliguna. Kuna kijana mmoja alicheka, kicheko kifupi cha puani, na akarudia neno, "Alifukuzwa." Nilihisi ahueni, mwanangu, sikufichi. Macho ya watu yaliniacha yakamwendea yeye, nami nikavuta pumzi.

Abti Dubow alikuwa amekwisha kuingia katikati ya uwanja. Aliinama, na magoti yake yalikuwa mabovu, akaiokota fulana ya Siyad, akaikung'uta mchanga. Akaigeuza ndani nje. Ndani ilikuwa nyeusi tu, haina picha ya kitu chochote. Akamrudishia, akasema, "Ivae hivi. Nanyi nyote, vueni, geuzeni, mvae hivi." Akawageukia wa ukoo wa ngamia weupe. "Na nyinyi pia. Wenye ngamia anayeonekana ndio waanze kumficha."

Walisitasita. Kisha nahodha wa timu ya bluu, ambaye alikuwa wa ukoo wa ngamia weupe, akavua ya kwake akaigeuza. Abti akangoja mpaka wa mwisho. Akasema, "Leo mtacheza hivyo. Siku fulana zitakapokuwa sawa mtaletewa, na mkikuta ngamia mmoja amepungua, njooni mchukue wa kwangu zizini." Watu wengine walicheka, na kicheko hicho kiliwaketisha wanaume waliokuwa wamesimama. Mechi ikachezwa. Nani alifunga sikumbuki.

Jioni ile, kabla hatujaondoka, Abti aliniita kando ya gari. Alizungumza kwa Kisomali, nami nakugeuzia kwa Kiswahili kadiri niwezavyo. Hakunikaripia. Ingekuwa heri angenikaripia.

Akaniuliza, "Ulijua lini kwamba ngamia amezama?"

"Tangu tukiwa dukani, Abti."

"Asubuhi garini nilikuuliza kazi imekwendaje."

Nikasema, "Ndiyo, Abti."

"Ungeniambia pale," akasema, "ningesimamisha gari. Ningetangulia kwa wazee, tungezigeuza fulana kabla ya mtu kuzivaa, na kaka yako asingeaibika, wala wale watoto wasingeumia. Kweli yako ilikuwa na kazi ya kufanya asubuhi, ukaifungia. Umeitoa ilipokuwa haina kazi tena ila kumwangusha mtu."

Nikajitetea. Nilisema, "Lakini Abti, walikuwa wanataka kutulaumu sote. Na sikusema uongo."

"Hukusema uongo," akasema. "Na hilo la Nairobi, lilihusu ngamia gani?"

Akaweka mkono wake kichwani pangu, akasema, "Wahenga wetu walisema mdomo uliofunikwa ni dhahabu. Watu hudhani maana yake ni kunyamaza siku zote. Sivyo. Dhahabu huwekwa, na ikifika haja hutolewa. Wewe uliiweka siku ya haja, ukaitupa siku ya fujo." Kisha akapanda gari.

Njiani kurudi Nuur alikaa nyuma ya pikapu na magunia matupu. Hooyo hakusema nami.

Maji yalipopungua, wino ukavuka. Nuur alizichapisha fulana zote upya. Sijapata kuona kazi kama ile, na nimeona kazi nyingi tangu hapo. Godoro lilikuwa laini kama utando wa maziwa, rangi zimekaa mahali pake, na ngamia wa kahawia alitoka hata mikunjo ya shingo ukaiona. Alifanya kazi bila neno. Nikimpa fremu alisema "ahsante", kama unavyomwambia mtu wa mbali. Alizipeleka mwenyewe, na vijana wale wakazipokea, na Siyad, nilisikia, alimpa mkono. Suluhu ile ilidumu. Kwa wale waliokuwa na ugomvi wa damu, jambo lilikwisha.

Kwetu ndipo lilipoanza. Wasomali, kama ujuavyo, hatumwachi mtu na jina aliloitwa na baba yake tu. Kuna mwenye pua ndefu, kuna mwenye kigugumizi, kila mtu ana jina lake la sokoni, naye atazikwa nalo. Kaka yangu akaitwa Nuur Mfukuzwa. Lilianza kwa yule kijana aliyecheka, likavuka kutoka Dadaab mpaka Garissa kabla ya fulana mpya. Watoto walilijua. Wateja walilisema wakidhani ndilo jina lake. Alipokwenda kuposa, watu wa nyumba ile waliuliza kwa upole, alifukuzwa na nani, na kwa kosa gani. Posa ikarudi.

Nilitaka kumwomba radhi. Wallahi nilitaka. Asubuhi nilijisemea, leo. Tukianza kazi nikasema, baada ya kazi. Baada ya kazi nikamwona amechoka. Tena shetani alinipa hoja nzuri: nimwombe radhi kwa lipi, na niliyosema ni kweli? Haki ni kitu kizito kukiweka chini, mwanangu. Mwenye kosa anajua aende wapi. Mwenye haki hukaa mlangoni akingoja wengine waje kwake.

Siku moja nilifika dukani nikakuta fremu zimepangwa ukutani, safi, na sakafu imefagiliwa. Hooyo aliniambia Nuur amepanda lori la kwenda Mandera. Alikuwa amemwambia, "Duka ni la Shamsa. Ana jicho kuliko mimi." Kwangu hakuacha salamu.

Meno hukata yakiwa pamoja, husema watu wetu. Nilibaki na duka, nikalikuza, nikaajiri watu, nikanunua mashine ya kukausha kwa umeme. Kila nilipopata kazi ngumu nilijikuta nikigeuka kuuliza, "Walaal, unaonaje?" na pale pembeni pakawa na mtu mwingine, anayenitazama akingoja amri. Nuur alikuja sikukuu baadhi, akakaa na hooyo, akala, akaniuliza habari za afya. Zamani aliniita walaal. Sasa aliniita Shamsa. Na dukani hakuingia. Alipita barabara ya pili.

Hooyo alipofariki, Mungu amrehemu, tulisimama kaburini mimi upande huu na yeye upande ule. Hapo ndipo nilipoona umri umekwenda. Siku za tanzia zilipokwisha nilimfuata mpaka Mandera. Njia ile wakati huo haikuwa ya kuendea kwa matembezi, lakini nilikwenda. Nilimkuta ana duka la dawa za mifugo, ana mke na watoto wakubwa. Nikakaa kwenye mkeka wake nikayasema yote niliyokusimulia, hata lile la ahueni niliyoihisi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilikusamehe kabla pikapu haijafika Garissa. Ulikuwa mdogo, na uliogopa. Kosa la wino lilikuwa langu, hilo sikulisahau."

"Basi mbona uliondoka?"

"Msamaha niliweza," akasema. "Kukaa nikiitwa vile, sikuweza."

Nikamwomba arudi, hata kwa msimu mmoja, tuchape pamoja. Akainua mikono yake akaitazama. Akatikisa kichwa. Binti yake mkubwa alikuwa akitumiminia chai, akauliza, "Eeddo," yaani shangazi, "kumbe aabe, baba yangu, alikuwa akijua kuchapisha fulana?" Nuur akamwambia alete sukari. Mwanangu, yule alikuwa fundi bora niliyepata kumwona kwa macho yangu, na mtoto wake wa kumzaa hakujua.

Nilirudi Garissa nimesamehewa. Nakuambia hivyo ili usidhani nilikwenda bure, usiku nalala. Lakini miaka ile yote ambayo tungekaa bega kwa bega katika chumba cha mabati, tukigombana juu ya rangi na kucheka, hakuna aliyeweza kunirudishia, si yeye wala si mimi. Maji yakimwagika hayazoleki, na aliyekusamehe kuyamwaga hawezi kukunywesha.

Sasa nasaha yangu ni hii, na uipokee kwa mikono miwili. Ukiona ndugu yako anakosea, mwambie mapema. Akikataa, mwambie anayeweza kumsaidia, hata kama atakukasirikia, maana hasira ya leo hupoa. Usiihifadhi kweli ukingoja siku ya kushinda nayo. Na siku anguko likishakuja, watu wamesimama na vidole vimenyooshwa, usiwe wa kwanza kunyoosha chako kwa kuwa ulionya. Nenda ukasimame karibu naye. Kama kuna la kusema, mtasema mkifika nyumbani mlango umefungwa. Na siri uliyopewa na mtu aliyekuamini, hiyo si yako kamwe, hata siku ambayo ingekuokoa. Ukiwa umekwisha kukosa kama mimi, basi usingoje. Radhi haiivi kwa kuwekwa. Nenda ukiwa na aibu yako hivyohivyo, nenda leo.

Mola akujalie ulimi unaojua saa yake. Akupe ndugu wa kukuonya na moyo wa kumsikia, na ukianguka akupe mtu wa kusimama nawe mbele ya watu, na mwenzako akianguka akufanye wewe kuwa mtu huyo. Akuzeeshe ukiwa na wako karibu nawe, wakikuita kwa jina unalolipenda. Amin.